Jinsi ya kumwangalia mwalimu wa kwaya ya sekondari akiwa kazini

Ukienda kumwangalia mwalimu wa kwaya akifundisha, kitu cha kuandika kwenye daftari ni kile kinachotokea kati ya "simameni hapo" na "tuanze tena". Wageni wengi hufanya kinyume. Kwaya ikiimba wanasikiliza kwa raha, ikinyamaza wanapumzika na kusubiri iendelee. Mwisho wa siku wanarudi chuoni na maneno kama "mwalimu ana hamasa" au "kwaya inaimba vizuri", ambayo hayamsaidii mtu anayetaka kujua kazi inafanywaje.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu tarajali aliye kwenye BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), kwa mwalimu wa somo jingine aliyekabidhiwa kwaya ya shule bila kuandaliwa, na kwa kiongozi wa kwaya ya kanisani anayetaka kujifunza kwa mwalimu wa sekondari aliye jirani naye. Mazingira yanayozungumziwa ni ya shule zetu: kipindi cha dakika 40, au mazoezi ya jioni baada ya masomo, kinanda kimoja au hakuna kabisa, na wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne wamechanganyika.

Kabla ya kwenda

Anza na barua kwa mkuu wa shule, kisha zungumza na mwalimu mwenyewe ana kwa ana au kwa simu. Kibali cha mkuu kinakufungulia geti tu. Mlango wa chumba cha mazoezi anaufungua mwalimu. Mweleze wazi kwamba hukuja kumkagua, mwambie utaandika nini na nani atasoma. Mwalimu akidhani ni ukaguzi ataimbisha wimbo ambao kwaya inaujua tangu mwaka jana, na hutaona ufundishaji wowote.

Muombe vitu vitatu mapema: nakala ya wimbo atakaofundisha, idadi ya wanafunzi katika kila sauti, na kama utaruhusiwa kurekodi. Kwenye kurekodi, omba sauti tu, bila picha. Hao ni wanafunzi, wengi wao hawajafikisha miaka 18, na simu ikielekezwa usoni hawaimbi kama kawaida yao.

Ukishapata nakala, ujifunze wimbo. Uimbe sauti zote nne (ya kwanza ndiyo ya juu kabisa, ya nne ya chini kabisa) kwa solfa, yaani kwa zile herufi d r m f s l t, moja baada ya nyingine, mpaka ujue wapi pagumu. Hatua hii inarukwa mno, na ndiyo inayoamua kama utaona kitu. Kama hujui sauti ya pili inatakiwa kuimba nini kwenye kipimo cha 9, mwalimu akisimamisha kwaya pale hutajua alisikia nini. (Hapa kipimo ni ile nafasi kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine.) Vipe vipimo vyote namba kwa penseli, kisha zungushia duara mahali unapotabiri kwamba kwaya itakwama. Baadaye utalinganisha utabiri wako na yaliyotokea.

Panga kwenda mara tatu kwa wimbo uleule: siku unapoanza kufundishwa, katikati, na unapokaribia kukamilika. Kuhudhuria mara moja kunakuonyesha hali ya mwalimu siku hiyo tu. Angalia pia kalenda. Kenya, wiki zinazotangulia mashindano ya Kenya Music Festival, ambayo yapo tangu 1927, utakuta kwaya inang'arisha nyimbo zilizokwisha kufundishwa. Ni kazi nzuri kuitazama, lakini ukitaka kuona jinsi nota zinavyofundishwa, nenda mwanzoni mwa muhula. Msimu wa mvua za masika nao una lake: chini ya paa la mabati mvua ikinyesha, hakuna anayesikia kitu. Mwalimu mzoefu huwa na kazi ya akiba kwa dakika hizo, kama kutamka maneno kwa midomo bila sauti wakifuata mkono wake, au kunakili solfa. Ukibahatika kuikuta kazi hiyo, iandike.

Vitu vya kubeba na mahali pa kukaa

Beba penseli mbili, nakala ya wimbo, daftari ulilokwisha kulichora safu, na saa inayoonyesha sekunde. Ongeza kitu cha kukupa sauti ya uhakika: kile chuma cha uma kinachotoa A ya 440, au programu ya simu ya kupima sauti. Simu iwe kimya, mwanga wa kioo umepunguzwa.

Usikae nyuma kabisa ya darasa. Kutoka huko unaona migongo ya wanafunzi, na makosa yote unayasikia yamechanganyika. Usikae pia nyuma ya mwalimu, kwa sababu uso wake na mikono yake, ambavyo ndivyo unavyovifuata, vitakuwa upande wa pili. Kaa pembeni, sambamba na safu ya mbele, mahali unapomwona mwalimu kwa ubavu na kuwasikia wanafunzi wa sauti mbili kwa karibu. Siku ya pili hamia upande mwingine. Usiimbe, usitikise kichwa kufuata mapigo, usitabasamu mtu akikosea. Wanafunzi wanasoma uso wa mgeni haraka kuliko tunavyodhani.

Kupasha sauti

Dakika tano hadi nane zinatosha. Mwalimu akitumia 15 katika kipindi cha 40, andika, kwa sababu muda huo umetolewa kwenye wimbo.

Kwa kawaida utaona mwili kwanza (mabega, shingo, kusimama kwa miguu iliyoachana kidogo), kisha pumzi, kisha sauti katika eneo la katikati, kisha kupanda kwa semitoni (hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili) moja moja. Angalia mabega wakati wa kuvuta pumzi. Yakipanda, pumzi inaishia kifuani, na mistari mirefu itakatika katikati ya neno. Mwalimu anafanya nini akiona hivyo? Kusema "pumueni vizuri" hakubadilishi kitu. Mwenye ujuzi atawaambia waweke viganja ubavuni, juu kidogo ya kiuno, na wasukume viganja kwa pumzi, au watoe "sss" kwa mapigo 12, kisha 16, kisha 20, pumzi ikitoka kwa kiasi kilekile.

Swali kubwa la sehemu hii ni kama zoezi lina uhusiano na wimbo. Tuseme wimbo una mruko kutoka d hadi l ambao sauti ya kwanza huwa wanaukosa. Mwalimu aliyejiandaa atauingiza mruko huo kwenye mazoezi ya sauti bila kuutaja, ili watakapoufikia kwenye wimbo koo liwe limeshaupita mara kumi. Mwalimu anayerudia mazoezi yaleyale kila siku anapasha koo tu, masikio hayapati chochote. Tofauti hii utaiona tu ikiwa uliusoma wimbo nyumbani.

Kufundisha nota kwa solfa

Shule zetu nyingi zinaimba kwa solfa ya herufi, d r m f s l t, mfumo ulioanza na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Wamisionari waliuleta huku pamoja na vitabu vya nyimbo, ukabaki kwa sababu hauhitaji karatasi ya mistari mitano. Mashine ya kuchapa ya kawaida inatosha.

Angalia mpangilio wa hatua. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: mapigo kwanza, kwa kupiga kiganja au kutamka, bila kuimba. Pili, solfa kwa mwendo wa taratibu. Tatu, wimbo wote kwa silabi moja kama "nu" au "la". Maneno yanakuja mwisho. Mwalimu akiwapa nota, mapigo na maneno kwa mpigo mmoja, mwanafunzi anashika maneno na kubahatisha vingine. Kosa la mapigo linalojifunzwa siku ya kwanza linachukua wiki kuling'oa.

Angalia pia karatasi walizoshika. Nakala iliyopigwa fotokopi ya fotokopi hupoteza alama ndogo: nukta inayogawa pigo nusu kwa nusu, mkato unaoligawa robo, na kile kialama kinachoonyesha s ni ya chini au d ni ya juu. Mwanafunzi anasoma s ya kawaida palipokuwa na s ya chini, kwa hiyo anaimba oktava nzima (umbali wa d hadi d inayofuata) juu ya wenzake au anasita. Ukisikia kusita kunakojirudia mahali pamoja, chungulia karatasi kabla ya kulaumu sikio.

Kama mwalimu anatumia ishara za mkono, ziandike jinsi anavyozifanya: ngumi kwa d, kiganja kilichoinuka mshazari kwa r, kiganja bapa kinachotazama chini kwa m, kidole gumba kuelekea chini kwa f, kiganja kinachoutazama mwili kwa s, mkono unaoning'inia kwa l, kidole cha shahada kikielekea juu kwa t. Jambo la kuangalia ni urefu. Mkono unatakiwa kupanda na kushuka pamoja na sauti. Mwalimu anayefanya ishara zote mbele ya kifua amewapa alama, lakini amewanyima ngazi.

Kufundisha kwa kusikia

Walimu wengi huchanganya solfa na kuimbisha kwa kurudia, na hakuna ubaya. Wanafunzi wanaotoka kwenye kwaya za UKWATA au TYCS, vyama vya wanafunzi Wakristo, mara nyingi wana masikio makali na hawasomi nota kabisa. Ukifika sehemu hii, hesabu urefu wa kipande anachoimba mwalimu kabla hawajarudia. Vipimo viwili hadi vinne vinashikika. Vinane havishikiki. Angalia anavyounganisha: kipande cha kwanza, kipande cha pili, kisha cha kwanza na cha pili pamoja, ndipo cha tatu. Anayefundisha vipande vinne mbali mbali na kuviunga mwishoni atakuta kwaya inasimama kwenye kila kiungo, kwa sababu viungo havikufundishwa.

Hapa kuna makosa mawili ambayo ni ya kawaida kuliko yote, na yote yanahusu sauti ya mwalimu mwenyewe.

La kwanza, mwalimu anaimba pamoja nao muda wote. Akiimba hawasikii. Kwaya nayo inamwegemea, akinyamaza inaporomoka. Weka alama kila anapoimba wakati wao wanaimba. Mwalimu mzuri anaimba, ananyamaza, wao wanaimba.

La pili ni la oktava. Mwalimu wa kiume akiwafundisha wasichana sauti ya kwanza, anaimba oktava moja chini yao. Wale wa kidato cha kwanza hawajui kwamba wanatakiwa kupandisha, wanamfuata huko chini, wanaishia kunguruma. Mwalimu wa kike akiwafundisha wavulana sauti ya nne, mambo yanageuka. Tazama suluhisho lake: anapiga nota kwenye kinanda katika oktava sahihi? Anaimba kwa sauti nyembamba? Anamtumia msichana mmoja aliyeshika vizuri awe mfano? Hili la mwisho ndilo lenye matokeo ya haraka, na linampa mwanafunzi heshima mbele ya wenzake.

Wavulana ambao sauti zinabadilika

Kidato cha kwanza na cha pili kimejaa wavulana wasio na sauti ya nne bado na ambao sauti ya pili imewatoka. Sauti ya mvulana hushuka kwa kiasi cha oktava moja katika kipindi hiki, na njiani kuna miezi ambayo ana nota tano au sita tu zinazomtii. John Cooksey wa Marekani aliyagawa mabadiliko haya katika hatua, na walimu wengi wa kwaya duniani hutumia mgawanyo wake. Huhitaji kuzikariri hatua hizo. Unahitaji kuona kama mwalimu anajua kwamba zipo.

Dalili kwamba anajua: anawasikiliza tena wavulana wa vidato vya chini angalau mara moja kila muhula na kuwahamisha sauti bila kuwatahayarisha. Anawasikiliza wawili wawili au watatu watatu, si mmoja mmoja mbele ya darasa zima. Anawaandikia mstari wenye nota chache, mara nyingi nota za chini za sauti ya tatu. Dalili kwamba hajui: kauli kama "wewe huna sauti, kaa pembeni". Iandike neno kwa neno na muda wake, bila maoni. Mvulana aliyeambiwa hivyo akiwa na miaka 14 mara nyingi harudi kwaya, na miaka miwili baadaye shule inalia kwamba haina sauti ya nne.

Kusimamisha na kuanza tena

Hiki ndicho kiini. Kila mara mwalimu anaposimamisha kwaya, andika mambo manne: saa, kipimo, alichosema au kufanya, na kilichotokea waliporudia. Safu nne, basi. Watafiti wa ufundishaji wa muziki kama Cornelia Yarbrough na Harry Price walikuwa wakiuchambua mzunguko huu kwa sehemu tatu: mwalimu anatoa kazi, wanafunzi wanaitikia, mwalimu anatoa mrejesho. Mzunguko ukikatika popote, mazoezi yanageuka kurudia-rudia.

Mfano wa ukurasa uliojazwa vizuri, wimbo ukiwa kwenye Do = F, mazoezi ya jioni:

10:22:10. Kipimo cha 9. "Sauti ya tatu, hapo mnakosea. Tuanze cha 8." Wote wanaimba 8 hadi 11. Kosa lilelile: f badala ya fe (f iliyopandishwa semitoni moja).

10:22:50. Kipimo cha 9. Anaimba mwenyewe: s fe s. Sauti ya tatu wanarudia mara 2, sawa. Wote 8 hadi 11. Kosa limerudi.

10:23:45. Kipimo cha 9. Anawapa s, anasema: "Sauti hiyo iiteni d ya juu. Niimbieni d t d." Wanaimba, sawa. "Sauti hizohizo, sasa semeni s fe s." Mara 3. Anaongeza sauti ya nne, kisha wote. Sawa.

10:25:30. Wanaimba kutoka mwanzo wa ubeti. Kipimo cha 9 sawa. Mwalimu: "Sauti ya tatu, ile fe imekaa mahali pake."

Ukurasa huo una somo zima. Mara ya kwanza mwalimu alitaja nani amekosea, hakutaja nini. Wanafunzi wakarudia kosa kwa bidii zaidi. Mara ya pili alitoa mfano sahihi, wakaushika wakiwa peke yao, lakini ukawapotea kwenye kundi, kwa sababu sauti ya kwanza ilikuwa imetoka tu kuimba f kwenye kipimo cha 8 na masikio yao yakaifuata. Mara ya tatu aliunganisha kitu kigeni na kitu wanachokijua: umbali kati ya fe na s ni semitoni, sawa kabisa na umbali kati ya t na d. Walikuwa wanaujua tayari, ila kwa jina jingine. Kisha hakuridhika na kipande, akarudi nyuma mpaka mwanzo wa ubeti ili kuhakikisha kwamba kimeshika.

Bila zile safu nne ungeandika tu: "Mwalimu alirekebisha sauti ya tatu."

Hesabu pia neno "vizuri". Si baya, lakini "vizuri" tupu halimwambii mwanafunzi arudie nini kesho. Tenganisha: "vizuri" tupu ngapi, na kauli ngapi zinazotaja jambo lenyewe, kama ile ya fe hapo juu.

Kupima muda

Kwenye mojawapo ya siku zako tatu, acha maelezo na upime muda tu. Kila sekunde 30 andika herufi moja: I kama wengi wanaimba, M kama mwalimu anazungumza, O kama anaonyesha kwa kuimba au kinanda, S kama ni sauti moja inayoimba na nyingine zimekaa, U kama ni utaratibu, kugawa karatasi, kunyamazisha. Kipindi cha dakika 40 kitakupa herufi 80. Ukikuta M ni 40, nusu ya mazoezi ilikuwa hotuba.

Herufi ya S ndiyo inayofichua mengi. Piga hesabu: mwalimu akifundisha kila sauti kwa dakika sita, sauti nne zinamaliza dakika 24, na kila mwanafunzi ameimba sita na kusubiri 18. Dakika 18 za kijana wa miaka 15 aliyekaa bila kazi ni kelele, na kelele inamfanya mwalimu apandishe sauti, na mazoezi yanaharibika. Kwa hiyo andika wanaosubiri wanafanya nini. Wapo walimu wanaowaambia wengine wavume mstari wao kwa midomo iliyofungwa, au washike mapigo kwa vidole viwili kiganjani, au wafuate kwa kidole mstari wa wenzao na kusema walikosea wapi. Wapo wanaofundisha sauti ya kwanza na ya tatu pamoja pale mistari yao inapofanana. Na wapo wanaowaachia viongozi wa sauti kundi lao, kila kundi chini ya mti wake kwa dakika 10, kisha wanakutana. Njia hii ni nzuri mradi kiongozi wa sauti awe na kitu cha kumpa do sahihi. Bila hicho, makundi manne yanarudi na funguo nne.

Maneno

Kiswahili kina irabu tano safi, na kwa kwaya hiyo ni neema. Lakini kina mitego yake, na mwalimu anayeijua utamtambua mara moja.

Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zinaweka silabi ya mwisho kwenye pigo zito, kwa hiyo "Mungu" linasikika "mu-NGU". Mwalimu hawezi kubadilisha wimbo, ila anaweza kuwafundisha wapunguze uzito kwenye silabi ile na kuuweka kwenye "mu". Msikilize kama anafanya hivyo au anaacha.

Mtego mwingine ni ile m au n inayosimama peke yake kama silabi: m-tu, m-to-to, n-chi. Kwenye wimbo ina nota yake. Wanafunzi wakiona m imeshikilia pigo zima wanaogopa kufunga mdomo, wanaongeza irabu: "mutu", "mutoto". Tiba ni kuwaimbisha neno polepole, midomo imefungwa kwenye m kwa urefu wote wa nota, sauti ikipita puani, kisha kufungua kwenye silabi inayofuata. Ukiona mwalimu anafanya hivi, andika alitumia mwendo gani na mara ngapi.

Nyimbo za asili za lugha zenye toni, kama Kikuyu, Kihaya au Luganda, zina ugumu zaidi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Mstari wa sauti ya pili uliotungwa bila kujali hilo unaweza kupinda maana. Angalia kama kuna mwanafunzi mwenye lugha hiyo ambaye mwalimu anamwuliza.

Kwaya inaposhuka

Kabla wimbo haujaanza, pima do. Ukiisha, pima tena. Andika tofauti: robo ya semitoni, nusu, nzima. Usiseme chochote.

Kwaya ikishuka, sababu huwa ni chache: pumzi imeisha kabla ya mwisho wa mstari, m na t zimeimbwa chini kidogo ya mahali pake, nota moja imerudiwa mara nyingi bila kuitegemeza, irabu za e na i zimepanuliwa kama tabasamu, au watu wamechoka tu. Mwalimu anayesema "mnashuka, pandisheni" amewaambia dalili. Anayejua sababu atafanya jambo mahususi. Atawasimamisha kama walikuwa wamekaa. Atawaimbisha ule mstari kwa "nu". Atawapa nota inayorudiwa na kuwaambia kila moja iwe mpya kuliko iliyopita. Au atahamisha wimbo semitoni moja juu, maana wakati mwingine ufunguo wenyewe umeangukia mahali pabaya kwenye koo.

Mikono

Kwa mapigo manne mkono unakwenda chini, ndani, nje, juu. Kwa matatu, chini, nje, juu. Hayo utayaona haraka. Kilicho muhimu zaidi ni pigo moja la kabla ya kuanza. Je, mwalimu analitoa kwa mwendo uleule wa wimbo, na anavuta pumzi pamoja nao? Kama kwaya inaanza kwa kutawanyika, tazama pigo hilo kabla ya kutazama wanafunzi. Mkono wa kushoto ukiwa unaiga wa kulia muda wote, hauna kazi. Na mwalimu anayegonga meza kwa fimbo kushika mapigo anaifundisha kwaya kusikiliza fimbo. Siku ya tamasha fimbo haipo.

Baada ya kipindi

Msalimie, mshukuru, na uombe dakika 10, si saa nzima. Usianze na "kwa nini". Anza na ukurasa wako: "Mwalimu, kwenye kipimo cha 9 ulisimamisha mara tatu. Ile mara ya tatu ulisikia nini kilichokufanya uende kwenye d t d?" Swali la namna hiyo linamwonyesha kwamba ulisikiliza, naye atakuambia mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyasema. Muulize pia alipanga nini ambacho hakukifikia, na kesho ataanzia wapi.

Andika taarifa yako siku hiyohiyo kabla ya kulala, ukurasa wa kushoto yaliyotokea, wa kulia unavyoyaelewa, visichanganyike. "Wanafunzi walichoka" ni maoni. "Saa 10:40 wanafunzi sita wa sauti ya pili walikaa bila kuambiwa" ni tukio.

Siku ya tatu, mwombe mwalimu akupe sauti moja kwa dakika 10 ufundishe vipimo vinne, naye akae pale ulipokuwa umekaa, na safu zilezile nne mkononi.